Dereva na Taa ya Nyuma

Kutoka Migori hadi Homa Bay hakuna reli. Haikuwapo miaka ya tisini na haipo leo. Ukitaka kuona treni ulikwenda Kisumu, ukasimama penye uzio, ukarudi nyumbani na vumbi na hadithi. Lakini sebuleni kwa baba yangu, pale Homa Bay, kulikuwa na treni moja, injini na mabehewa manne, na urefu wake wote haukufika mikono miwili ya mtu mzima. Ilizunguka juu ya meza ambayo mama aliinunua kwa ajili ya chakula. Chakula tulikula mapajani.

Baba aliitwa Dereva. Sokoni Dereva, kanisani Ndugu Dereva, kwa chifu Mzee Dereva. Alifanya kazi ya reli Kisumu miaka mingi, akastaafu na mgongo mbovu, na tangu nipate akili nilijua kwamba kazi yake ilikuwa kuendesha treni. Nitalisema mapema msije mkanilaumu: baba yangu hakuwahi kuendesha treni hata hatua moja. Nililigundua hilo nikiwa mtu mzima, solda mkononi, na kilichonifumbua macho ni kifaa chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kinachoitwa dekoda.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Migori. Ilikuwa kazi nzuri, ukiwatoa wateja. Mteja aliingia na redio kwapani, akanitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza, "Fundi ametoka?" Nikimwambia fundi ni mimi, anasema basi atamngoja. Mzee mmoja kutoka Ogwedhi alingoja kuanzia saa tatu hadi saa saba. Nikaifungua redio yake mbele ya macho yake, nikaitengeneza, nikamkabidhi. Akasikiliza taarifa ya habari yote mpaka hali ya hewa, kisha akaniambia nimsalimie fundi.

Ufundi niliupendea kwa baba. Mtoto wa dereva wa treni angeogopaje mashine? Shangazi zangu walisema nitaolewa na redio, na hawakuwa wakinisifu.

Treni yenyewe baba aliipata kwa mzungu mmoja, mhandisi wa maji, ambaye baba alimtunzia nyumba baada ya kustaafu. Mzungu huyo alikuja kutuchimbia visima, lakini nadhani alichokuwa akitafuta hasa ni mahali pa kuchezea treni bila mke wake kumwona. Mkataba ulipokwisha aliondoka na nguo zake, akamwachia baba injini, mabehewa, reli na kisanduku cha kuiendeshea. Wakati huo ilikuwa kitu kipya. Umeme ulikaa kwenye reli muda wote, na kisanduku kilituma maagizo kupitia reli hizo hizo. Ndani ya injini mlikuwa na dekoda, kijibao chenye waya, kazi yake kusikiliza maagizo na kuyatii: nenda, simama, rudi, washa taa, zima taa. Nilipomweleza mama, aliuliza kama baba anaweza kuwekewa moja.

Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likizama baba alichomoa plagi, na treni ikapumzika kama amri inavyotaka, pamoja na mgeni aliye ndani ya malango yake, yaani mjusi aliyehamia chini ya daraja la kadibodi. Jumamosi jioni plagi ilirudi, na majirani wakarudi. Hapakuwa na televisheni nyingi mtaani, na picha zilizokuwa kwenye hizo zilizokuwapo zilikuwa chenga tupu. Treni ya baba angalau ilionekana.

Shida ilikuwa taa. Dekoda ya injini ilikuwa nzima upande wa mota, ila upande wa taa ilikuwa imekufa zamani. Treni ilikwenda gizagiza kama mwizi wa kuku. Baba alimwandikia mzungu barua ya salamu, na katikati ya salamu akalalamika kidogo juu ya taa, na mzungu akajibu kwa kurasa za katalogi na neno moja la ukarimu: chagueni mbili, nitawatumia.

Kuchagua kulituchukua wiki tatu. Hamjui ugomvi mpaka mmeshika katalogi na baba yenu. Kulikuwa na dekoda za njia mbili na za njia nne, za kupepesa taa kama moto wa jikoni, za kuwasha na kuzima kama gari la polisi, nyingine kubwa mno kuingia popote. Tulihitaji za taa peke yake, zisizogusa mota. Mimi nilitaka moja tu ya njia nne, niiweke kwenye injini, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ya injini hiyo hiyo, kazi imekwisha, na ya pili tuiweke akiba.

Baba alinitazama kana kwamba nimependekeza tumle mjusi.

"Nyekundu nyuma ya injini?" alisema. "Nyara, injini ikivuta mabehewa, nyekundu haikai hapo. Inakaa kwenye behewa la mwisho kabisa. Treni ikipita stesheni, kuna mtu amesimama anaitafuta hiyo taa. Asipoiona anajua kuna behewa limekatika limebaki njiani, na nyuma kunakuja treni ingine."

Nyumbani tulizungumza Kijaluo, na baba aliniita nyara, yaani binti yangu, lakini mambo ya reli aliyasema kwa Kiswahili siku zote, Kiswahili cha kazini, cha amri na matusi. Akaendelea nusu saa. Taa ya pembeni ya gadi, yule mlinzi wa treni anayekaa nyuma, taa ya mkononi, kioo chekundu na kioo cha kijani, nani anapunga nini na anapunga namna gani. Nilimsikiliza mdomo wazi. Nilidhani huo ndio udereva. Basi tukaagiza dekoda mbili ndogo, moja ya mbele ya injini na moja ya nyuma ya behewa la mwisho.

Hapo ndipo kaka yangu alipoleta habari yake. Alikuwa amepeleka ng'ombe upande wa Asumbi, kwa watu wa msichana wake, na sasa watu hao walikuwa wanakuja kutazama nyumba mtoto wao alikoolewa. Watakuja baada ya miezi miwili, siku ya Jumapili, kwa sababu wao ni Wakatoliki na Jumamosi ni yetu. Msemaji wao atakuwa mjomba wa msichana, mstaafu.

"Alikuwa reli, Baba," kaka alisema kwa furaha. "Kisumu. Dereva. Mtaongea lugha moja."

Baba alikuwa anakula ngege. Alimaliza upande mmoja wa samaki, akaacha upande wa pili mzima, akanawa mikono. Sikuwa nimewahi kumwona akiacha ngege nusu, hata alipofiwa.

Jioni ile aliniambia, "Nyara, hizo taa lazima ziwake. Treni ikiwa sawa kila mahali, mgeni hatakuwa na la kuuliza."

Nilidhani ni majivuno. Leo najua ilikuwa hofu. Dereva wa kweli angeuliza swali moja tu, la breki au la mlima wa Mau, na jina la baba lingekwisha pale pale, mbele ya wakwe, mbele ya mwanawe, na kabla ya jua kuzama Homa Bay nzima ingekuwa na cha kuzungumzia mpaka Krismasi. Miaka thelathini ya kuitwa Dereva ilikuwa juu ya meza ile, na mimi nikiwa nimepewa kazi ya kuilinda bila kuambiwa.

Kifurushi kilifikia posta ya Migori. Karani alikisoma mara mbili, akaniita pembeni kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia.

"Madam, hapa wameandika dekoda. Dekoda ni ya TV. Uko na leseni?"

"Hii si ya TV. Ni ya treni."

"Treni gani?"

"Ya baba yangu."

"Baba yako ako na treni?"

"Iko mezani."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, alitaka kuelewa. "Sasa hii inashika stesheni ngapi?"

"Haishiki stesheni hata moja," nikasema. "Inazunguka tu."

Mama mmoja wa foleni akasema hata redio yake iko hivyo hivyo, inazunguka tu, na kwamba kuna fundi mmoja hapa Migori aliyeiharibu. Nilikuwa namjua fundi huyo. Nikatazama mbele. Karani akaniuliza hiyo dekoda mwishowe inafanya nini hasa, kwa kifupi. Nikamwambia inawasha taa. "Si ungesema taa," alinilaumu, akaandika "taa mbili" kwenye daftari lake, akanipa kifurushi changu. Serikali na treni wakaachana kwa amani.

Dekoda huogopa umeme wa nguo na wa nywele, kwa hiyo nilizifunga kwenye karatasi ya fedha inayotoka ndani ya pakiti ya sigara. Jirani yangu mvuta sigara alinipa pakiti tatu. Nilifika Homa Bay nikiwa nazo ndani ya mkebe wa poda wenye harufu ya tumbaku, na shemasi aliyekuwa amekuja kumsalimu mama akaiona ile karatasi, akanitazama kwa huruma ya ndani sana. Sikumweleza. Kuna watu ukiwaeleza wanakuombea zaidi.

Nilianza na injini. Sasa hapa lazima niseme jambo la ufundi, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu ndilo lililonivua nguo. Sisi mafundi wa redio tuna neno letu, komoni. Komoni ni waya ambao nyaya zingine zote hurudi kwake. Katika kila redio niliyowahi kuifungua, komoni ilikuwa ardhi, ardhi ilikuwa hasi, na ardhi ilifungwa kwenye chuma cha bodi. Ungeuliza fundi yeyote, wa Migori, wa Rongo, wa Isebania, angekujibu hivyo hivyo akiwa usingizini. Karatasi ya dekoda ilisema waya wa bluu ni komoni. Sikusoma mstari wa pili. Mstari wa pili ni wa wanafunzi.

Nikaufunga waya wa bluu kwenye chuma cha injini, kwa risasi ya solda inayong'aa, nikapuliza, nikaiweka injini relini. Baba akawasha kisanduku. Moshi mwembamba ukatoka kwenye bomba la injini, ukapanda juu taratibu, mweupe, wa kupendeza.

Baba akapiga makofi. Alidhani ni sehemu ya dekoda.

"Hii nayo imewekewa makaa?" mama aliuliza kutoka jikoni, maana harufu ilikuwa imemfikia.

Nilichomoa plagi, nikakaa sakafuni, nikausoma mstari wa pili jasho likinitoka. Komoni ya dekoda ni chanya. Isiguse chuma cha injini kamwe, kwa sababu chuma hicho kinapokea umeme wa reli. Yaani nilichukua kitu cha bei ghali kilichovuka bahari, nikakiua kwa uzoefu wangu. Mwanafunzi asingefanya kosa lile. Ilihitaji fundi wa miaka kumi.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Barua kwenda Ulaya na kurudi ilihitaji wiki sita kama wote walikuwa wazima. Tulikuwa na dekoda moja.

"Baba, nisamehe," nilisema. "Imebaki moja. Tutaiweka mbele, kwenye injini. Nyuma nitapaka rangi nyekundu tu."

"Weka nyuma."

"Nyuma? Treni itaingia stesheni bila taa ya mbele, mbele ya dereva mwenzako?"

"Mbele mgeni atasema imeungua. Taa ya mbele inaweza kuungua njiani na watu wakafika. Weka nyuma, nyara. Treni bila taa ya nyuma haijafika. Hata kama unaiona imesimama hapo, haijafika."

Nilimtazama. Alikuwa amelishika behewa la mwisho kama mtu aliyeshika kikombe cha mgeni. Nikajiuliza swali la kipumbavu, maswali makubwa huanza hivyo: dereva anakaa wapi? Anakaa mbele. Dereva haioni taa ya nyuma maisha yake yote. Ataijuaje kwa mapenzi namna hii?

Halafu yote yakaja kwa mpigo. Nikakumbuka kwamba sijawahi kumwona baba akishika kile kisanduku treni inapokwenda. Aliwasha tu. Kuendesha alimwachia jirani, kaka, mchungaji, yeyote. Yeye alisimama upande wa mwisho wa meza akatazama mabehewa yakipita, akihesabu kwa midomo. Nikakumbuka kwamba hadithi zake zote za reli zilikuwa za stesheni. Hakuna hata moja iliyokuwa njiani. Baba hakuwa dereva, alikuwa mtu wa stesheni wa kutunza taa za treni.

Nilikasirika. Si kwa sababu alikuwa mtu wa taa, kazi ni kazi. Nilikasirika kwa sababu nikiwa darasa la tano niling'olewa jino na msichana aliyesema baba yangu si dereva, nami nikamng'oa mawili. Yule msichana alikuwa sahihi. Anatembea mahali fulani Rachuonyo bila meno mawili kwa ajili ya uongo wa baba yangu. Nilitaka kumwuliza pale pale. Nikafungua mdomo, nikaona jinsi alivyolishika lile behewa, nikaufunga. Nikamwambia anipishe nipate mwanga.

Safari hii nilisoma mistari yote, hata anwani ya kiwanda. Nilikata vipande vya shaba kutoka kwenye transfoma mbovu, nikavikunja viguse magurudumu ya behewa, vichukue umeme wa reli. Waya mwekundu upande huu, mweusi upande ule. Ule wa bluu niliuvalisha mpira mara mbili, usione chuma hata kwa ndoto. Taa yenyewe ilikuwa kidude chekundu cha redio, kile kinachokuambia redio imewashwa, nacho kina miguu miwili na hakitaki kugeuzwa: mguu mrefu kwenye bluu, mfupi kwenye rezista yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu, kisha waya wa njano. Yote yaliingia ndani ya behewa la mwisho, nikalirudisha paa kwa gundi.

Ikawaka. Nukta moja nyekundu, kubwa kidogo kuliko mbegu ya wimbi. Baba aliinama mpaka shavu likagusa meza. Mimi hasira yangu sikujua niiweke wapi, nikaenda kumsaidia mama kuchambua dagaa wa omena.

Jumapili wakwe wakaja watu tisa, wakiwa wamevaa vizuri kutuzidi. Mjomba alikuwa mzee mrefu, suti ya kijivu, miwani, sauti ya mtu aliyezoea kupigia watu honi. Tulikula kwanza. Kuku wawili, samaki mbuta, kuon yaani ugali, mboga, na kwa sababu meza ilikuwa na treni, wageni nao walikula mapajani, jambo ambalo mama aliliombea msamaha mara nne huku akimtazama baba.

Mjomba alianza kabla hata hatujanawa. "Ora, mkwe wangu, nimeambiwa wewe pia ulikuwa dereva."

"Reli, ndiyo," baba alisema.

"Mwaka gani ulipandishwa?"

"Ah, treni hii hapa," baba alisema, akasimama. "Kijana, washa."

Kaka alishika kisanduku. Mjomba akajongea na miwani yake, akainama juu ya injini. "Haina taa mbele hii. Dereva ataona wapi?"

"Dereva anaijua njia," baba akajibu, na watu wakacheka, na mimi nikapumua. Nilifikiri tumevuka.

Kaka alitaka kuiondoa treni. Baba akasema, "Ngoja." Akaenda upande wa mwisho wa meza, akatoa leso, akaikunja pembe, akaifuta ile taa nyekundu. Mara moja kushoto, mara moja kulia, kisha akaipulizia pumzi akaifuta tena. Akarudi nyuma hatua moja, akanyoosha mkono juu kumwambia kaka aende. Alifanya yote hayo bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna.

Treni ikaondoka. Hakuna aliyeitazama, kwa sababu mjomba alikuwa amenyoosha kidole.

"Wewe," alisema, akaacha Kijaluo palepale na kuingia Kiswahili. "Wewe nakujua. Kisumu. Treni ya mizigo. Ulinizuia na nilikuwa na ruhusa ya kuondoka."

Baba alikuwa bado ameshika leso. Angeweza kukana. Wanaume wa reli walikuwa wengi, miaka ilikuwa mingi, na mzee yule alivaa miwani minene kama chini ya chupa. Nilimwona akijiandaa kukana. Niliujua uso wake.

"Ulisema taa ya nyuma imezimika," mjomba aliendelea, sasa akiwaeleza wote. "Saa nzima nimesimama. Nikapewa barua ya onyo. Na taa ilikuwa inawaka!"

"Haikuwa inawaka," baba alisema.

"Ilikuwa inawaka."

"Imekufa kabisa. Utambi ulikuwa umezama kwenye mafuta."

"Wewe unaniambia mimi? Mimi nilikuwa dereva wa hiyo treni!"

"Na wewe ulikuwa mbele huko unakunywa chai!" baba alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda mpaka mjusi akatoka chini ya daraja. "Ungeonaje? Hiyo taa mimi ndiye nilikuwa naijaza. Hiyo utambi mimi ndiye nilikuwa nakata, kila siku, miaka kumi na tisa. Kama mimi nasema imekufa, imekufa!"

Yakafuata matusi mawili ya reli ambayo nashukuru bibi wa msichana hakuyaelewa. Kisha baba akakisikia alichokisema. Alitazama leso yake. Treni iliendelea kuzunguka, ikapita mbele yake na nukta yake nyekundu, ikapita tena.

Nilimpenda baba yangu dakika ile kuliko siku zote alizokuwa Dereva. Angeweza kubaki na uongo wake kwa kunyamaza tu, kwa kukubali kwamba taa ilikuwa inawaka. Hakuweza. Kaka alikuwa amegeuka rangi ya majivu, akimtazama msichana wake, na msichana wake akiitazama sakafu.

Mjomba alikaa chini polepole. Ushindi haukumpendeza kama alivyotarajia. "Mtu wa taa," alisema, bila ubaya sasa. "Basi hii ya Dereva ilitoka wapi?"

Baba akaanza kuikunja leso.

"Kwangu," mama alisema.

Alikuwa amesimama mlangoni na beseni na birika la maji ya kunawa. Hakuliweka chini. Alizungumza na mjomba wa msichana kana kwamba ni mtu aliyekuja kuuliza njia.

"Alipokuja kwetu kisiwani Mfangano kuniposa, alikuwa ananuka mafuta ya taa. Nguo, nywele, kila mahali. Baba yangu akamwuliza anafanya kazi gani kwa reli. Huyu akafungua mdomo aseme ukweli. Nikamtangulia. Nikasema ni dereva. Baba yangu asingenitoa kwa mtu wa kusugua taa." Akahamisha beseni kwenye mkono mwingine. "Nilidhani tukishaoana atawaambia mwenyewe. Kila mwaka nikangoja. Angesema, mimi ndiye ningekuwa mwongo kwa watu wetu. Kwa hiyo hakusema. Miaka thelathini anaitwa hivyo njiani, anaitika."

Baba alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake. Akasema, bila kumtazama mama, akimwita kwa jina la kwao, "Nyar Mfangano, kuku anaungua huko jikoni."

Kuku tulikuwa tumeshamla. Mifupa ilikuwa bado kwenye sahani, mapajani mwetu.